Nimekabidhiwa stoo bila kuelekezwa, sasa naambiwa nitakatwa mshahara. Je, mafunzo elekezi ni haki yangu?

SWALI: "Nina miaka 25 na diploma ya ununuzi na ugavi. Wiki tano zilizopita niliajiriwa kutunza stoo kwenye kiwanda cha mbao hapa Mafinga, mkoani Iringa. Siku ya kwanza meneja alinitembeza kama dakika kumi, akanionyesha choo na sehemu ya kulia chakula, akanipa funguo na leja, akasema: 'Aliyekuwepo ameshaondoka. Wewe umesoma, utazoea.' Hatukuhesabu kitu. Barua yangu ya ajira ina miezi sita ya matazamio, yaani kipindi cha majaribio. Juzi fundi alikuja kuchukua beringi na mikanda ya mashine. Kwenye leja vipo, kwenye shelfu havipo. Bosi anasema nitakatwa kila mwezi mpaka deni liishe. Rafiki yangu aliyeajiriwa halmashauri alipewa mafunzo elekezi kabla hajapangiwa kazi. Je, hayo ni ya serikalini tu? Na nikianza kuuliza maswali leo, wiki ya tano, si nitaonekana sijui kazi?"

JIBU: Mdogo wangu, pole sana. Nimelisoma swali lako na naona ndani yake hofu mbili: ya kulipishwa mali ambayo hukuwahi kuiona, na ya kuonekana hujui. Ya kwanza ina majibu ya kisheria na nitakupa. Ya pili ndiyo iliyokufikisha kwenye ya kwanza, kwa hiyo naomba univumilie nikae nayo zaidi.

Siku ile ulitembezwa tu. Mafunzo elekezi ni utaratibu wa mwajiri kumpa mtu mpya kila kitu anachohitaji ili aweze kuwajibika: ajue kazi yake inaanzia wapi na kuishia wapi, nani ana mamlaka ya kumwagiza na nani hana, hatari za pale zipo wapi, stahili zake ni zipi, na kazi ile inafanywaje katika eneo lile. Chuoni ulifundishwa kutunza stoo. Hukufundishwa kutunza stoo ya kiwanda hicho, na hakuna chuo kinachoweza kukufundisha hilo. Ni wao peke yao.

Wengi huyachukulia mafunzo haya kama ukarimu, kitu cha kumchangamsha mgeni kwa soda na kumtambulisha kwa wenzake. Kutambulishwa ni sehemu yake, na ni sehemu nzuri, lakini kiini ni uwajibikaji. Pale mwajiri anapokueleza na kukukabidhi, mzigo unahama kutoka kwake kuja kwako. Asipokueleza wala kukukabidhi, sehemu kubwa ya mzigo bado iko mikononi mwake, hata kama funguo ziko mfukoni mwako.

Sasa hilo la serikalini. Ni kweli upande wa utumishi wa umma jambo hili limewekewa utaratibu rasmi. Watumishi wapya hupelekwa mafunzo elekezi, na Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kina kampasi hapo Mbeya, ni miongoni mwa wanaoyatoa. Huko hufundishwa muundo wa serikali, maadili, nyaraka na siri za ofisi, likizo, nidhamu. Lakini kusema kwamba ni ya serikalini tu ni kosa, na ni kosa linalowaumiza vijana wengi wa viwandani, mashambani na madukani.

Nikuambie ukweli kamili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, haimwambii mwajiri binafsi, kwa maneno hayo, "fanya semina elekezi ya siku kadhaa". Ukienda ofisini na kudai semina kwa jina hilo, watakuzidi hoja. Ila ukizichukua sheria zetu na kuziweka pamoja, utakuta maudhui ya mafunzo elekezi yamo, kipande kimoja hapa, kingine pale. Sheria hiyo inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi, unapoanza kazi, maelezo ya ajira yako: kazi yenyewe ni ipi, tarehe ya kuanza, aina ya mkataba na muda wake, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa. Inaongeza jambo ambalo wachache wanalijua: kama hukuyaelewa maelezo hayo, mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha unaelezwa kwa namna unayoielewa. Inamtaka pia abandike mahali panapoonekana tamko la haki za wafanyakazi. Angalia kesho kama lipo ukutani. Na siku mkifikishana kwenye shauri, mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo hayo ya maandishi, kuthibitisha masharti yanayobishaniwa kunakuwa juu yake.

Kisha zipo Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinazozungumzia kipindi cha matazamio. Bosi wako anaweza kudhani matazamio ni miezi sita ya kukuangalia ukianguka. Kanuni zinasema vingine. Katika kipindi hicho mwajiri anatakiwa akufuatilie, akutane nawe mara kwa mara mzungumzie kazi yako, na akupe mwongozo, ikiwemo kukuelekeza na kukufundisha inapohitajika. Akiona mashaka, akuambie na akupe nafasi ya kujibu. Matazamio ambayo hakuna aliyekaa na wewe hata mara moja hayajafuata kanuni hizo.

Nirudi kwenye neno "utazoea". Sidhani meneja wako alilisema kwa ubaya. Watu wa kazi hulisema kwa sababu ya jambo moja la kibinadamu: mtu akishaijua kazi kwa miaka, haioni tena. Mambo anayoyajua yameshakuwa mikono yake na macho yake, na ukimwomba akueleze atakupa machache ya juu juu, aamini amemaliza. Chukua mfano wa Jumamosi. Meneja yuko msituni anakagua magogo, mtandao unakatika, dereva wa trekta anakuja stoo anataka dizeli lita 40, na gari la mteja linasubiri getini. Vocha haina saini. Je, unatoa? Simu ya meneja ikipatikana, inatosha, au mpaka ujumbe wa maandishi? Msimamizi wa zamu anaweza kusaini badala yake? Kuna kiwango cha mwisho? Mtu aliyekuwepo kabla yako alikuwa na jibu la kila moja ya hayo kichwani, na kila mfanyakazi mkongwe pale analijua. Halikuandikwa popote. Aliondoka nalo. Wewe ukabaki na leja inayokuambia idadi, isiyokuambia desturi. Ukitoa, utaulizwa kwa nini ulitoa bila saini. Ukikataa, utaambiwa umesimamisha kazi. Hapo ndipo watu wapya wanapoumia, na si kwa uvivu wala ujinga.

Kuna na upande wa kumbukumbu. Hata angekueleza yote siku ile ya kwanza, usingebaki nayo. Siku ya kwanza mtu anahangaika na majina, njia, sura za watu, hofu ya kukosea. Ndiyo maana mafunzo elekezi mazuri hugawanywa. Siku ya kwanza ni usalama na mambo ya lazima. Wiki ya kwanza unakaa na mwenyeji anayekuonyesha kazi, ufanye yeye akikuangalia. Baada ya mwezi mnakaa tena, kwa sababu sasa ndipo una maswali yenye maana. Hayahitaji bajeti wala ukumbi. Fundi mwenye gereji pale Mwanjelwa, Mbeya, mwenye vijana watatu anaweza kufanya haya yote kwa karatasi moja na mtu mzima mmoja mvumilivu.

Nikiongelea usalama siwezi kupita haraka, kwa sababu uko kwenye kiwanda cha mbao. Taasisi ya Institute for Work & Health ya Toronto, Kanada, imechunguza madai ya fidia ya wafanyakazi na kuona kwamba mtu aliye katika mwezi wake wa kwanza kazini ana hatari ya kuumia kiasi cha kushindwa kwenda kazini zaidi ya mara tatu ya yule aliyemaliza mwaka. Haijalishi sana umri wake. Ni ugeni wenyewe. Wewe utasema uko stoo, si kwenye msumeno. Lakini fundi atakuita umpelekee beringi kwenye mashine, utapita kwenye vumbi la mbao, foko ya kunyanyulia mizigo itarudi nyuma bila kukuona. Je, umeshaonyeshwa kitufe cha kusimamishia mashine? Mitungi ya kuzimia moto iko wapi, ukizingatia kwamba vumbi kavu la mbao hushika moto upesi? Mahali pa kukusanyikia? Kama stoo yako ina dawa ya kutibu nguzo, ujue kwamba aina inayotumika sana ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Nani anaruhusiwa kufungua pipa? Glavu ziko wapi? Unanawa wapi? Tafadhali usile chakula humo, hata kama Mafinga ya mwezi wa saba ina baridi na stoo ndiyo yenye joto.

Hapa sheria haina utata. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inamtaka mwajiri awape wafanyakazi taarifa, mafunzo na usimamizi kuhusu hatari za kazi yao, na vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo ukiulizwa "nani kakuambia una haki ya kuelekezwa?", anzia hapa. Ndiyo sehemu ya mafunzo elekezi ambayo hakuna mwajiri anayeweza kuiita hisani.

Sasa hofu yako ya kuuliza. Naielewa vizuri, maana huku kwetu Nyanda za Juu Kusini tumelelewa kwamba kijana husikiliza, hasa mbele ya mtu mzima aliyempa kazi. Ukiongeza cheti cha chuo, unaona kuuliza ni kujivua nguo. Lakini wiki ya tano ndiyo wakati wako mzuri kuliko wote. Siku ya kwanza ungeuliza maswali ya jumla, wakajibu kwa jumla. Leo unajua hasa nini hukijui. Na mtunza stoo anayeuliza "nani anasaini vocha meneja asipokuwepo?" haonekani mjinga kwa mtu yeyote anayejua stoo. Anaonekana mtu anayelinda mali. Asiyeuliza ndiye anayetia mashaka, kwa sababu huwezi kujua anafuata utaratibu upi.

Heshima iko katika namna. Usiulize mbele ya mafundi wala wakati gari linapakiwa. Nenda asubuhi kabla kazi haijachanganya, salimu kama kawaida, umwambie: "Shikamoo mzee. Naomba nusu saa yako wiki hii. Nina maswali kuhusu stoo nimeyaandika, nataka nifanye kazi kama mnavyotaka nyie." Uwe nayo kwenye daftari kweli. Akijibu, andika mbele yake. Jioni mtumie ujumbe mfupi kwenye simu: "Asante mzee kwa maelekezo. Nimeelewa kwamba dizeli haitoki bila saini yako au ya msimamizi wa zamu. Nikiwa nimekosea naomba unirekebishe." Huo ujumbe ni adabu, na pia ni kumbukumbu yenye tarehe.

La pili, omba makabidhiano yafanyike sasa. Yamechelewa, lakini yanafanyika. Omba mtu mmoja wa uhasibu na mmoja anayeijua stoo, fundi au msimamizi. Chagua muda ambao hakuna kinachotoka wala kuingia, ikibidi Jumamosi mchana. Mnaanza shelfu ya kwanza kushoto, mnahesabu kwa mkono, mmoja anataja, mmoja anaandika, wa tatu anathibitisha, na leja ikae imefungwa mpaka mmalize shelfu nzima. Ukishaiona namba ya leja, macho yanatafuta namba hiyo. Kisha mnalinganisha. Pale inapotofautiana hamfuti wala kurekebisha leja. Mnaandika tofauti kwenye safu yake, mnaeleza hali ya kitu kama ni kipya, kimetumika au kimeharibika, na wote watatu mnasaini kila ukurasa na tarehe. Nakala moja ibaki kwako. Kuanzia siku hiyo, na si kabla, unaweza kusema kwa kinywa kipana: stoo hii ni yangu.

Na kama utaletewa fomu inayosema "nimepewa mafunzo elekezi na nimeelewa", isome kwanza. Nyingine huletwa baada ya tatizo kutokea, zikiwa na tarehe ya nyuma. Weka tarehe halisi ya siku unayosaini, na yale ambayo hukuonyeshwa uyaandike kwa kalamu yako pembeni.

Twende kwenye mshahara. Bosi hawezi kuamua peke yake kwa mdomo kwamba utakatwa mpaka deni liishe. Sheria ya mwaka 2004 inaruhusu makato ya upotevu au uharibifu kwa masharti: upotevu uwe umetokea ukiwa kazini na kwa kosa lako, akuandikie sababu ya deni, kiasi chake na kilivyokokotolewa, akupe nafasi ya kutosha ya kupinga kiasi hicho, jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya ujira wako wa fedha. Kwako swali kubwa ni lile la kosa. Kama hapakuwa na kuhesabu siku ya makabidhiano, anathibitishaje kwamba zile beringi zilikuwepo ulipopokea funguo? Leja ni karatasi iliyoandikwa na mwenzio aliyeondoka. Hata hivyo usijitie uhakika kupita kiasi. Kama ndani ya wiki hizi tano kuna siku umetoa vitu bila kuandika, au umemwachia mtu funguo, lijue mwenyewe kabla hawajakuambia.

Njia zako ziko chache. Unaweza kunyamaza ulipe, lakini ukikubali deni hili, upotevu wote wa huko nyuma utakuwa wako. Hasa usisaini karatasi ya kukubali deni ambalo hujalihakiki, maana makubaliano yako ya maandishi yanampa mwajiri njia nyingine ya kukukata. Unaweza kuacha kazi. Kama unalipwa kwa mwezi na umeshapita mwezi wa kwanza, notisi ni siku 28, na kuacha peke yake hakufuti madai. Mimi ningekushauri uandike barua fupi ya staha: eleza ulivyoanza kazi, kwamba hapakuwa na makabidhiano, omba maelezo ya maandishi ya deni, na pendekeza kuhesabu stoo upya. Usilaumu mtu humo.

Ila ujue hatari yake. Mfanyakazi ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki kama aliyevuka. Barua ya hasira leo inaweza kukugharimu kazi, na njia zako za kudai zikawa finyu. Ndiyo maana nasisitiza staha. Huko kukosa kinga ni udhaifu wa nafasi yako kwa sasa, na ni vizuri uupime kwa macho makavu kabla ya kuchukua hatua. Madai kuhusu makato yasiyo halali, lakini, hayasubiri miezi sita.

Kuna mambo ambayo ushauri wa maandishi kama huu hautoshi. Ukikatwa hata senti bila utaratibu niliokueleza, ukilazimishwa kusaini, au ukitishiwa polisi, nenda mwenyewe Iringa ukaonane na Afisa Kazi wa mkoa. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inapokea malalamiko ya mfanyakazi mmoja mmoja, na muda unahesabika: siku 30 kwa shauri la kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine kama hii ya makato. Usikae ukisubiri bosi apoe mpaka siku zikakupita. Kama tatizo ni mashine au dawa za mbao, ofisi ya OSHA ya kanda yetu iko Mbeya. Uliza pia kama kiwandani kuna tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara. Mwakilishi wa chama anaweza kukaa na wewe kwenye kikao na bosi, na mara nyingi jambo huishia hapo hapo bila kufika kokote. Na ukiumia kazini, hata kidole, hakikisha tukio limeandikwa siku hiyo hiyo, ili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upate pa kuanzia.

Unapokwenda kwa yeyote kati ya hao, beba barua ya ajira, hati za mshahara, picha za kurasa za leja zinazohusika, nakala ya barua yako, ule ujumbe wa simu, na karatasi moja uliyoandika mwenyewe leo, kabla hujasahau: ulifika saa ngapi siku ya kwanza, nani alikupa funguo, alisema nini, na nani mwingine alikuwepo.